Kiti cha Mbele na Kiti cha Nyuma: Safari ya Alsace Kuyatazama Magari Mawili ya Bugatti

Gari la mashindano ni gari linaloundwa ili liwahi kufika kabla ya mengine, na kila kilichomo ndani yake, kuanzia injini hadi skrubu ya mwisho, huhukumiwa kwa swali moja tu, nalo ni kama kinauongeza mwendo au kinaupunguza. Limuzini, kwa upande wake, ni gari kubwa la fahari ambalo mwenye mali huketi nyuma, katika chumba ambacho kwa desturi hutengwa na dereva kwa kioo, na jina lake hunasibishwa na eneo la Limousin lililoko katikati ya Ufaransa. Yakilinganishwa magari ya aina hizi mbili yaliyotoka katika viwanda viwili mbalimbali, tofauti nyingi zitakazojitokeza zitakuwa za mafundi na mila zao, wala hazitakuwa za magari yenyewe. Ndiyo sababu safari inayosimuliwa hapa ilielekezwa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, mahali ambapo mtu mmoja, Ettore Bugatti, alitengeneza katika kiwanda kimoja, na katika miaka iliyokaribiana sana, gari la mashindano lililovuna ushindi mwingi kuliko karibu yote ya zama zake, na gari la fahari lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kutembea barabarani. La kwanza linaitwa Type 35, na la pili ni Type 41, lijulikanalo zaidi kwa jina la Royale, yaani la kifalme.

Hoja itakayofuatwa katika masimulizi haya ni kwamba tofauti ya msingi kati ya magari hayo mawili haimo katika mwendo, wala haimo katika bei, bali imo katika kiti, kwa maana kila moja liliundwa kwa kuanzia mahali ambapo mtu mmoja ataketi, kisha vyuma vyote vikapangwa kumzunguka mtu huyo.

Safari ilianzia Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, ambako treni ya mkoa huelekea magharibi ikivuka uwanda ulio kati ya mto Rhine na milima ya Vosges, na baada ya muda usiozidi nusu saa hufika Molsheim, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Katikati ya mji kuna jengo liitwalo La Metzig, lililojengwa katika karne ya 16 na chama cha wachinjaji, na mgeni anayelitazama hupata fununu ya mambo mawili yatakayomsaidia baadaye: kwamba eneo hili lina desturi ya kale ya kuheshimu ufundi wa mikono, na kwamba mafundi wake walijiona kuwa watu wa hadhi, wenye haki ya kujijengea nyumba katika uwanja mkuu wa mji. Alsace yenyewe ilitwaliwa na Ujerumani mwaka 1871 na kurudi Ufaransa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo kiwanda ambacho Bugatti alikifungua Molsheim mwishoni mwa mwaka 1909 kilizaliwa katika ardhi ya Wajerumani, kisha kikawa fahari ya Wafaransa bila kuhama hata hatua moja.

Ettore Bugatti hakuwa Mjerumani wala Mfaransa wa kuzaliwa, kwani alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1881, katika nyumba ya wasanii. Baba yake, Carlo, alikuwa mbunifu wa samani aliyesifika Ulaya nzima, na ndugu yake, Rembrandt, alikuwa mchongaji aliyejitolea kufinyanga maumbo ya wanyama hadi alipofariki mwaka 1916. Katika jumba la makumbusho la La Chartreuse mjini Molsheim, lililomo katika iliyokuwa nyumba ya watawa, kuna vyumba vilivyotengwa kwa kumbukumbu za ukoo huo, na anayevipitia huelewa kwa nini injini za Bugatti zina nyuso bapa na kona kali kama za sanduku la seremala hodari, na kwa nini mabomba na nyaya zake hupangwa kwa nidhamu ileile anayoitumia mwenye kutengeneza kabati la thamani. Mtu aliyelelewa katika karakana ya samani huona kiti kabla ya kuona chumba, na huenda hapo ndipo ulipo mzizi wa yote yatakayoelezwa.

Karibu na Molsheim kuna kijiji cha Dorlisheim, ambako Ettore amezikwa pamoja na watu wa ukoo wake, akiwemo mwanawe Jean, aliyechora bodi za baadhi ya magari mazuri kuliko yote ya kiwanda hicho na kufariki Agosti 1939 alipokuwa akijaribu gari barabarani akiwa na umri wa miaka 30. Ettore mwenyewe alifariki mwaka 1947, na kiwanda hakikuweza tena kusimama kama zamani. Msafiri akitoka hapo hurudi Strasbourg na kupanda treni iendayo kusini hadi Mulhouse, mji wa viwanda ulio karibu na mipaka ya Uswisi na Ujerumani, kwa sababu ni Mulhouse, wala si Molsheim, ndiko magari yenyewe yaliko kwa wingi.

Kuwako kwa magari hayo Mulhouse kunahitaji maelezo. Ndugu wawili raia wa Uswisi, Hans na Fritz Schlumpf, waliokuwa na viwanda vya kusokota sufu, walianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kununua magari ya zamani, na Fritz hasa alishikwa na mapenzi ya Bugatti kiasi cha kuandika barua kwa wamiliki wa nchi nyingi akiomba kuuziwa. Mwaka 1964 alinunua kwa mkupuo mmoja Bugatti 30 kutoka kwa mkusanyaji wa jimbo la Illinois, Marekani, na magari yote yakafichwa katika jengo la kiwanda cha nyuzi mjini Mulhouse, huku mafundi wakiyatengeneza upya nyuma ya milango iliyofungwa. Biashara ya nguo ilipozorota katika miaka ya 1970, wafanyakazi waligoma, ndugu hao wakakimbilia Uswisi, na mwezi Machi 1977 wafanyakazi walioingia katika jengo hilo wakayakuta mamia ya magari yanayong'aa chini ya safu za taa za fahari zilizoigizwa kutoka daraja la Alexandre III la Paris. Wafanyakazi hao walilishika jengo kwa takriban miaka miwili na kuwafungulia wananchi milango. Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa iliuorodhesha mkusanyo huo kuwa urithi wa taifa, ili usitawanywe kwa mnada, na mwaka 1982 jumba likafunguliwa rasmi kuwa makumbusho ya taifa ya magari.

Type 35 ndilo gari linalofaa kutazamwa kwanza, kwa kuwa ndilo lililotangulia kuzaliwa. Lilijitokeza hadharani Agosti 1924 katika mbio za Grand Prix zilizofanyika karibu na Lyon, ambako matairi yaliliangusha na ushindi ukaenda kwa wengine, lakini wenye macho ya ufundi walitambua papo hapo kwamba umbo jipya limekuja. Injini yake ina silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, zenye jumla ya ujazo wa karibu lita 2, na kila silinda ina vali 3, yaani milango midogo ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na mafuta na kutoa moshi. Krenkishafti, yaani mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, imeshikiliwa na beringi za gololi na za rola badala ya zile za kawaida za wakati huo, na kwa sababu hiyo injini iliweza kuzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika bila kujiharibu.

Hata hivyo, kinachomshika mtazamaji ni gurudumu. Badala ya ringi ya spoki za waya, Bugatti alisubu gurudumu zima katika kalibu kwa kutumia alumini, likiwa na spoki 8 bapa, na katika kusubu kuleule akaliunganisha na ngoma ya breki, hivi kwamba fundi anapolichomoa gurudumu huiona breki yote mbele yake na kuikagua kwa dakika chache. Ekseli ya mbele nayo ina uwazi ndani ili iwe nyepesi, na springi zimepitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye ekseli yenyewe, jambo linaloondoa vibano na vishikizo vingi. Gari zima lina uzito wa takriban kilo 750. Hapa kupunguza kumekuwa ndio uzuri wenyewe: hakuna kilichowekwa ili kipendeze, na kwa sababu hiyohiyo hakuna kisichopendeza.

Kiti cha Type 35 ni chembamba, chenye ngozi ya kawaida, na kimebanwa nyuma ya usukani. Pembeni mwake kuna nafasi ya pili, iliyokuwa ya fundi ambaye zamani alisafiri pamoja na dereva akipampu mafuta na kutazama nyuma, lakini kuanzia mwaka 1925 mafundi hao walipigwa marufuku katika mbio za Grand Prix kwa ajili ya usalama wao, na nafasi ikabaki tupu. Anayeketi hapo mbele hana paa, hana mlango, na kioo cha kumkinga na upepo ni kidogo mno, lakini usukani, klachi, gia na breki vyote viko chini ya mamlaka yake peke yake. Yeye ndiye mwenye gari na yeye ndiye mtumishi wake.

Gari hili liliuzwa kwa yeyote aliyeweza kulilipia, kwa hiyo liliwafikia madereva binafsi ambao hawakuwa wameajiriwa na kiwanda, na idadi kubwa ya ushindi wake ilitokana na watu hao. Katika Targa Florio, mbio za barabara za milimani huko Sicily, Bugatti ilishinda mara 5 mfululizo kuanzia mwaka 1925 hadi 1929. Mwaka 1928 Eliška Junková, mwanamke kutoka Chekoslovakia, aliendesha katika mbio hizo Type 35 kwa ustadi uliomweka kwa muda mbele ya wanaume wote, kabla gari lake halijaanza kusumbua na yeye kumaliza wa tano. Alikuwa ameisoma njia mapema, akizishika kichwani alama za kila kona, kwa kuwa alijua kwamba nguvu za mikono pekee hazingetosha.

Yuko pia mtu mmoja ambaye maisha yake yanaunganisha aina zote mbili za magari. William Grover-Williams, Mwingereza aliyekulia Ufaransa, alipata kuajiriwa na mchoraji William Orpen kuwa dereva wa Rolls-Royce yake, yaani aliketi mbele akimwendesha aliyeketi nyuma. Aprili 1929, mtu huyohuyo akiwa ndani ya Type 35B ya rangi ya kijani, yenye supachaja, ambayo ni pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili iunguze mafuta mengi zaidi, alishinda mbio za kwanza kabisa za Monaco, akizunguka mitaa ya mji mara 100 kwa saa 3 na dakika 56. Katika Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya siri ya kuwapinga Wanazi nchini Ufaransa, akakamatwa mwaka 1943, na hatimaye akauawa katika kambi ya Sachsenhausen. Kiti cha mbele alikijua kwa namna zote mbili, kama utumishi na kama uhuru.

Royale inapotazamwa baada ya Type 35, jicho huhitaji muda kulizoea. Urefu wake ni kama mita 6.4, uzito wake unapita tani 3, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 4.3, kwa hiyo gari dogo la kisasa lingeweza kuegeshwa baina ya magurudumu yake likasalia na nafasi. Injini ina silinda 8 mstari mmoja na vali 3 kwa kila silinda, kama ile ya gari la mashindano, ila ujazo wake ni karibu lita 12.8, na nguvu iliyotajwa ni karibu farasi 300, inayopatikana injini ikizunguka takriban mara 1,700 tu kwa dakika. Juu ya kifuniko cha rejeta amesimama tembo kwa miguu yake ya nyuma, sanamu iliyotokana na kazi ya marehemu Rembrandt, na hivyo kumbukumbu ya ndugu ikatangulizwa mbele ya gari kubwa kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza Ettore.

Mulhouse ina Royale mbili za asili. Ya kwanza ni Coupé Napoléon, iliyokuwa ya Ettore mwenyewe, ambayo bodi yake ilichorwa na Jean. Abiria wake huketi katika chumba kilichofungwa vizuri upande wa nyuma, wakati kiti cha dereva kiko wazi mbele, bila paa la kudumu, kama ilivyokuwa kwa waendeshaji wa magari ya farasi ya enzi zilizopita. Ya pili ni limuzini kamili, iliyowekewa bodi na mafundi wa Park Ward wa London mwaka 1933 kwa ajili ya Kapteni Cuthbert Foster, na ndani yake dereva na mwenye gari wamefunikwa na paa moja, lakini madirisha mapana, milango mirefu na nafasi ya kunyosha miguu vyote vinaonyesha kwamba mambo yamepangwa kwa ajili ya aketiye nyuma. Dereva wa Royale ameshika usukani wa gari ambalo si lake, akilipeleka asikokuchagua, na ustadi wake hupimwa kwa jinsi asivyoonekana: bwana asihisi gia ikibadilishwa, asiyumbe kwenye kona, asishtuke breki zinapokamata.

Takwimu zikiwekwa bega kwa bega, tofauti ya makusudi hudhihirika. Type 35B, yenye ujazo wa lita 2.3 na nguvu za farasi zipatazo 130, hutoa kwa kila lita moja nguvu zaidi ya mara mbili ya zile zinazotolewa na Royale, na kila farasi wake hubeba chini ya kilo 6, ilhali farasi wa Royale hubeba zaidi ya kilo 10. Lakini kuhitimisha kwa takwimu hizo kwamba Royale ni injini dhaifu kungekuwa ni kuilaumu jahazi kwa kushindwa kufukuzana na ngalawa. Ngalawa ya mashindano huchongwa nyembamba ili ikate maji, na nahodha wake hulowa. Jahazi hujengwa ili mzigo ufike mkavu na abiria alale usingizi. Royale ilikusudiwa ipande mlima bila kunguruma na ianze kutembea bila mshtuko, na kwa kazi hiyo injini kubwa izungukayo polepole ilikuwa jibu sahihi. Kufanana kwao pia kusisahaulike, kwani mpango wa silinda, rejeta yenye umbo la kiatu cha farasi na magurudumu ya alumini ya kusubu yamo katika magari yote mawili, na hayo ni mwandiko wa mtu mmoja ulioandikwa mara kwa herufi ndogo na mara kwa herufi kubwa.

Tofauti nyingine kubwa ilikuwa katika hatima. Type 35 na ndugu zake wa karibu walitengenezwa kwa mamia, wakaendeshwa, wakaanguka, wakakarabatiwa na kushindana tena. Royale ilipangwa itengenezwe mara 25, lakini zikaundwa 6 tu, na kati ya hizo wanunuzi wa nje walichukua 3, kwa sababu uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka tangu mwaka 1929, na pamoja na jina lake la kifalme hakuna hata mfalme mmoja aliyeinunua. Kiwanda kikabaki na mpango wa injini kubwa zisizo na magari ya kuzibeba.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Bugatti aliyathibitisha maneno hayo bila kuyajua. Mwaka 1933 alianza kuuza behewa lenye injini zake lenyewe, lililotumia injini za Royale zilizopunguzwa nguvu, 2 au 4 kwa kila behewa, na jumla ya mabehewa 88 yakaundwa kwa ajili ya reli za Ufaransa, ambako mengine yaliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1950. Moja limehifadhiwa mjini Mulhouse kwenyewe, katika makumbusho ya treni yaitwayo Cité du Train, na huko ndiko safari hii ilikohitimishwa. Dereva wa behewa hilo hakuketi mbele wala nyuma. Aliketi katikati, juu ya paa, ndani ya kijumba cha vioo kilichoinuka juu ya injini, na chini yake, mbele na nyuma, waliketi abiria waliokata tikiti.

Kwa hiyo hukumu inayotolewa hapa ni hii: kama kazi ya ufundi, Type 35 ndilo gari bora zaidi kati ya mawili, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuongezwa wala kuondolewa kwake bila kuliharibu, na kwa kuwa lilimpa aliyeliendesha heshima yote ya kazi yake. Royale, kama limuzini, ilimtumikia mtu mmoja kwa gharama ya wengi, nayo ikashindwa. Lakini moyo wake, yaani ile injini, ulipata kazi iliyo njema zaidi kuliko ile uliyoumbiwa. Anayefika Mulhouse kuyatazama magari ya Bugatti asitosheke na taa za fahari za jumba la magari, bali avuke mji hadi kwenye treni, asimame chini ya kile kijumba cha vioo, na akumbuke kwamba injini iliyokataliwa na wafalme iliwasafirisha wananchi kwa zaidi ya miaka 20.